Land Rover 109: ethi imepatikana

Land Rover yangu, Series III, ilikuwa imelala uani hapa Sakina, Arusha. Stata ilizunguka kivivu, na nikikanyaga breki, taa ndogo za mbele ziliwaka kwa mbali ilhali swichi imezimwa. Kijana wa gereji ya jirani alishatoa hukumu: "Mzee, nunua stata nyingine tu." Ila stata na taa ndogo wapi na wapi? Taa inayowaka bila kuwashwa ni umeme uliokosa ethi, yaani njia ya kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari, ukajipenyeza kupitia globu nyingine.

Betri ililala ikaamka na volti 12.6, kwa hiyo nikaiacha.

Mafundi wengi hupima ethi kwa mlio wa mita. Mimi siuamini. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utalia vizuri kabisa, lakini stata inavuta zaidi ya ampea 100, na kwa ampea hizo omu 0.01 tu inakula volti nzima. Ethi hupimwa ikiwa kazini.

Nikachomoa waya wa koili injini isiwake. Mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi juu ya kichwa cha hasi chenyewe, si kwenye teminali iliyokibana. Nyekundu kwenye bloku, mahali pasipo rangi. Binti akapiga stata: 1.3! Ikizidi 0.5 ni ugonjwa, 0.2 kushuka chini ndiyo raha. Nikahamishia nyekundu kwenye chesisi: 0.06. Basi mwizi yuko kati ya chesisi na giaboksi, iliyofungwa pamoja na injini.

Mkanda wa ethi wa pale kwa nje ni mzima. Nilipofungua bolti, chini ya washa kulikuwa na unga wa kijani uliochanganyika na oili, na nyuzi zikakatikia vidoleni. Nimefunga mpya, msasa hadi chuma king'ae, girisi juu baada ya kukaza. Sasa 0.15, na stata inaruka.

Taa ya nyuma ilikuwa kesi nyingine. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma. Zikigusana penye tope la masika, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Breki ikiwa imekanyagwa, kati ya kikombe cha globu na hasi nilipata volti 4. Nimevuta waya mpya moja kwa moja hadi chesisi. Taa ndogo zimetulia.

Mwenye Series IIA ya mwanzo, toleo lililotangulia hii yangu, aangalie kwanza betri yake: zile zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ethi.

Kinachofuata ni upande wa chanya, betri hadi stata, kwa kipimo hichohicho.