Yule aliyetema mpira

Wiki imekuwa na mengi, barua ya posa ya Zuhura imeletwa na ofisini tumehamishiwa ghorofa ya tatu, lakini mimi nimeganda kwenye maneno ya Jumapili mezani.

Abuu aliuliza kipa gani alikuwa bora kuliko wote. Mnajua tangu apewe glovu shuleni hana habari nyingine. Nikamwambia Oliver Kahn, yule wa Ujerumani. Kaka, tonge bado iko mkononi, akasema, "Yule aliyetema mpira?"

"Kaka, alikuwa ameumia kidole."

"Golini hakuna kidole, mdogo wangu."

Akaendelea kula. Basi, nimeosha vyombo na maneno hayo, nimelala nayo, na kwenye daladala bado namjibu.

Namjibu hivi: kijana wa Karlsruhe, kaingia klabu ya Bayern Munich mwaka 1994, kachukua ubingwa wa Ujerumani mara 8. Mwaka 1999 kule Barcelona, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Manchester United walimfunga mabao mawili dakika za nyongeza, kombe limeshanukia. Miaka miwili baadaye, fainali hiyohiyo, Milan, akapangua penalti tatu za Valencia, na wenzake wakishangilia akaenda kumliwaza Cañizares, kipa wa upande wa pili, aliyekuwa analia. Hayo kaka hayaoni?

Na Kombe la Dunia la 2002! Mechi sita kabla ya fainali amefungwa bao moja tu, la Robbie Keane wa Ireland. Fainali na Brazil ikachezwa Yokohama, Japani, huku kwetu saa nane mchana, Jumapili vilevile. Dakika ya 67 Rivaldo akapiga shuti la kawaida kabisa, likamponyoka Kahn, Ronaldo keshafika. Filimbi ilipolia akakaa ameegemea mlingoti wa goli, peke yake, na mimi mbele ya televisheni ya jirani nilishindwa kuinuka. Mpaka leo ndiye kipa pekee aliyepewa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia, halafu mtu anakuja kumwita "yule aliyetema mpira".

Jana usiku, nikizipanga tena hoja zangu, nikakumbuka kwamba Kahn mwenyewe alikataa kukisingizia kidole. Kano ilichanika, na bado akasema hiyo si sababu. Kumbe alichosema kaka ndicho alichosema Kahn.

Hapo likanijia jina la Sabuni. Kaka alidakia timu ya mtaa, mpira mmoja wa kona ukamteleza, na mpaka namaliza darasa la saba watu walikuwa wakimwita Sabuni sokoni, hata mbele ya marehemu baba. Nikamwona upya pale mezani. Aliposema golini hakuna kidole hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mikono ya Abuu.

Jumapili sitabishana. Nitamsimulia ya 2006, Berlin, tarehe 30 Juni, ileile ya Yokohama. Kahn yuko benchi, golini kasimama Lehmann, kipa mwenzake wa Ujerumani, mtu waliyekuwa hawapikiki chungu kimoja. Kabla ya kupigiana penalti na Argentina, Kahn akainuka, akamfuata, akampa mkono. Nataka kaka aisikie hiyo, na Abuu akiwa amekaa pale pale.

Mama bado anakohoa usiku. Ni wiki ya tatu sasa, na dawa ya chupa imebaki kijiko kimoja.