Mbolea ya Darini

Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulipita shilingi 6,000, na huku kwetu Kimilili wengi walipanda mahindi bila mbolea yoyote. Shangazi yangu alikuwa na kipande cha sukuma na nyanya kilichowalipia wajukuu wake karo. Shamba lilikuwa limechoka. Majani ya chini ya sukuma yaligeuka manjano kabla hayajafika kuchumwa, na hiyo ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani.

Binamu yangu, mwendesha bodaboda, akaja na wazo la mapango ya Mlima Elgon. Popo wamejaa humo, alisema, na mavi yao yamerundikana miaka na mikaka. Tupande na magunia, tushuke matajiri.

"Mwanangu, huko huendi," Shangazi akamkata. "Hata usinipe hesabu ya magunia."

Nilimuunga mkono na bado namuunga. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapa hapa Bungoma, aliingia pango la Kitum, akaugua Marburg, homa kali ya virusi, akafia Nairobi. Mwaka 1987 kijana Mdenmark aliyezuru pango hilo hilo akafa kwa ugonjwa huo huo. Popo wala matunda wanaolala mapangoni ndio hubeba kirusi hicho. Isitoshe, Kitum iko ndani ya mbuga ya taifa. Hakuna ruhusa ya kuchota kitu humo.

Bahati nzuri kanisa letu lilikuwa linabadilisha dari iliyooza. Kwa miaka mingi waliishi humo popo wadogo wala wadudu, wale wanaomiminika giza likiingia kuwinda nondo na mende. Mafundi walikuwa wameziba matundu jioni, popo wakishatoka, wala hawakumuua hata mmoja. Sasa walitaka kuuchoma uchafu wote uliobaki. Shangazi akasimama mlangoni. "Wazee, msichome. Hiyo ni chakula cha shamba."

Alitutuma kwanza kutafuta barakoa nzito za kuzuia vumbi, na glavu. Vumbi la mavi ya popo huweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu, kwa hiyo hatukufagia kitu kikavu. Tulinyunyiza maji polepole kwa kopo hadi rundo likalowa, ndipo tukachota kwa koleo. Harufu yake ilikuwa kali, ya kukwaruza koo, lakini hakuna aliyelalamika.

Nilichukua punje moja nikaifinya kwa vidole vya glavu. Ilisagika mara moja ikawa unga, na ndani ya unga kulikuwa na vipande vidogo vinavyometameta: mabawa na magamba ya wadudu. Mavi ya panya hayasagiki hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa nguvu yake inatoka wapi. Mavi mabichi ya popo wala wadudu huweza kufika asilimia 10 ya naitrojeni, pamoja na fosforasi, wakati samadi ya ng'ombe haifiki hata asilimia 3.

Kwa sababu ya ukali huo Shangazi hakuyamwaga shinani moja kwa moja. Aliyachanganya na samadi na mabua ya mahindi, akafunika kwa majani ya migomba, akayageuza mara kwa mara hadi lundo likapoa na harufu ikaisha. Kisha akatia konzi moja kwa kila mche, mbali kidogo na shina, akafukia na kumwagilia.

Sukuma ilirudi. Majani mapya yalitoka mapana, ya kijani kilichoiva, na wateja wa soko la Kimilili walianza kumuuliza amepata mbolea duka gani. Nyanya zilichelewa zaidi. Nadhani zilihitaji potasiamu, ambayo mavi ya popo hayana nyingi, na jivu la jikoni ndilo lililozisaidia.

Mboji iliyobaki aliwagawia akina mama wa chama chake, kila mmoja bakuli moja. Na kila aliyepokea alisimamishwa kwanza akaambiwa: atie kidogo, anawe mikono kwa sabuni, na kama anataka zaidi asubiri dari nyingine ibomolewe, asiende mlimani.