Jicho la samaki au waidi? Nilivyochagua lenzi ya kazi hapa Kigoma

Napiga picha za harusi, mahafali na mikutano, studio yangu iko Mwanga. Nilipohamia kamera ya fulufremu, ile yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, hela iliyobaki ilitosha lenzi moja tu ya kuchukua eneo kubwa. Ama waidi, yaani lenzi pana inayonyoosha mistari, ya mm 17-40, ama jicho la samaki la mm 15. Hizo mm ni urefu wa fokasi: zikipungua, lenzi inaona eneo pana zaidi. Ukisoma namba utadhani ni ndugu. Kumbe mm 15 za jicho la samaki zinaona nyuzi 180 kutoka kona hadi kona, wakati waidi kwenye 17 inaona kama nyuzi 104.

Nikaziazima zote mbili kwa wenzangu wa kazi, nikaanzia stesheni ya reli. Jengo lile la Mjerumani lina matao, nguzo na mistari mirefu, kwa hiyo lenzi haiwezi kukuficha kitu. Waidi iliacha nguzo zimenyooka, mradi kamera nimeishika sawa. Nikiielekeza juu kidogo tu, nguzo zinaanza kuegemeana. Jicho la samaki lilitoa jengo limevimba kama andazi. Mstari unaopita katikati ya picha ndio pekee uliobaki umenyooka. Mingine yote ilipinda, na kadiri ulivyo pembeni ndivyo unavyopinda zaidi. Na ncha za viatu vyangu zilikuwemo pia.

Kibirizi, kwa wanikaji dagaa, ziwa lilinifundisha jambo hilohilo vizuri zaidi. Nikiweka upeo wa maji katikati ya picha, unanyooka. Nikiinua kamera, upeo unashuka katikati na ncha zinapanda. Nikiiinamisha, unapanda katikati na ncha zinashuka. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera, akaniuliza, "Mwanangu, ziwa letu umelipinda kwa nini?" Swali lile nililichukua kwa uzito, kwa sababu wateja wangu ni watu kama yeye.

Mpaka hapo waidi ilikuwa inaongoza. Lakini ukumbini, kwenye picha ya familia niliyopiga kwa 17, shangazi wa bwana harusi aliyesimama mwisho wa mstari alitoka amevutwa, kichwa kimepanuka kuelekea pembeni. "Baba, mbona mimi peke yangu nimenenepa?" Nikarudia kwa jicho la samaki: kichwa chake kikarudi mviringo, ila meza kuu na ukuta vikapinda. Sababu ni kwamba waidi, ili inyooshe mistari, hulazimika kuvuta kila kilicho mbali na katikati. Jicho la samaki halivuti hivyo, linakubali mistari ipinde. Hakuna lenzi itakayokupa vyote viwili kwa upana ule.

Kuna wanaosema nunua jicho la samaki, kisha nyoosha picha kwenye kompyuta. Nilijaribu. Mistari inanyooka kweli, lakini kona zinakatwa, na pembeni panapoteza ukali: nakshi za vitenge vya akina mama wa ncha zilififia, na vile vitenge ndivyo wanavyotaka vionekane. Kingine ni filta, kile kioo cha ziada cha kufunga kwenye lenzi. Kioo cha mbele cha jicho la samaki kimetokeza nje, filta ya kufunga mbele haikai. Waidi ile inapokea filta ya kipenyo cha mm 77, na mimi filta ya polaraiza naihitaji kuondoa mng'ao wa maji ninapopiga boti mchana.

Nikanunua waidi. Picha za familia sasa napiga kwenye 24 au 28: narudi nyuma, nawapanga watu safu mbili au tatu badala ya mstari mmoja mrefu, na pembeni nawaachia mapazia na maua. 17 naitunza kwa ukumbi wenyewe na majengo.

Jicho la samaki bado nalipenda, hasa kwenye ngoma. Watu wakizunguka duara hakuna mstari wa kuharibika, na vichwa havivutwi. Siku hizo naliazima tena, naingia katikati ya wachezaji na kuwasogelea karibu kiasi cha mkono, maana ukisimama mbali nalo kila mtu anakuwa mdogo mno.