Mitali iliyogeuka nyeusi ndani ya kabati jipya

Makumbusho yetu ni madogo. Kila maonyesho ya muda tulikuwa tunachonga makabati ya plaiwudi, yakiisha yanakuwa kuni. Nikamwomba fundi alumini atutengenezee fremu za kufungua na kufunga: vipande vya sentimita 60, bolti za saizi moja, spana moja inatosha. Watu wawili, nusu saa, kabati limesimama. Nikajiona bingwa.

Wiki ya tatu mitali ya fedha, yaani vikuku vya miguuni, ikaanza kuwa nyeusi, hasa iliyokaa karibu na kioo. Nikalaumu unyevu, nikaongeza vifuko vya jeli ya silika. Wapi! Ndipo nikainusa raba tuliyozibia kingo za kioo: harufu ya tairi kabisa. Raba ya namna hiyo huimarishwa kwa salfa, na salfa ndiyo inayoichafua fedha.

Ili nisibahatishe, nilifanya jaribio la Oddy, la kupima kama kitu kinachafua madini, lililoanzia British Museum mwaka 1973: chupa iliyozibwa barabara, kipande cha raba, maji kidogo, na vipande safi vya fedha, shaba na risasi, kwa nyuzi 60 siku 28. Chupa ya pili, mkanda wa silikoni. (Si ile ya kukamua inayonuka siki, hiyo huila risasi.) Fedha ya kwenye raba ilitoka kama masizi. Ya pili inang'aa.

Tukabandua raba yote. Fremu zilezile sasa ziko maonyesho ya tano, na kila kipande nimekiandika namba kwa ndani, maana mara ya kwanza tulipoteza asubuhi nzima tukitafuta mguu mmoja wa kushoto.