Bado inasafishwa

Mzee mmoja ninayemhudumia zamu ya usiku ana swali lake. Nikishamgeuza ubavu na kumfunika vizuri, ananishika mkono: "Bunduki yangu iko wapi?" Namjibu iko kwa binti yake. Basi anatulia, anaanza kunisimulia paa aliowapiga enzi za ujana wake, mpaka usingizi unamchukua katikati ya sentensi.

Niko Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Novemba yangu ya kwanza huku niliona watu wamevaa kofia na vizibao vya rangi ya chungwa inayochoma macho, nikadhani jimbo zima linatengeneza barabara. Kumbe ni msimu wa kuwinda, na sheria inataka wawindaji waonekane wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Jumapili hakuna kuwinda. Dukani ninaponunua kahawa, bunduki zimepangwa ukutani nyuma ya mhudumu, na kando ya maziwa kuna vikopo vya minyoo ya kuvulia samaki. Mimi nimekulia mahali ambapo bunduki ni ya askari, au ni gobole la babu fulani, likilia kijiji kizima kinajua ni nani. Huku katiba ya jimbo inasema haki ya kumiliki silaha haitahojiwa kamwe. Tena tangu 2015 mtu aliyefika miaka 21 na asiyezuiwa na sheria anaweza kutembea na bastola ndani ya koti bila kibali.

Halafu ikaja tarehe 25 Oktoba 2023. Nilikuwa kazini. Simu zetu zote zikalia kwa pamoja: jifungieni ndani. Mtu alikuwa amefyatua risasi kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi, kisha kwenye baa. Watu 18 waliuawa. Waliotakiwa kutupokea zamu hawakufika, tukalala kwenye viti vya chumba cha chakula, na simu kutoka Kasulu hazikukoma mpaka chaji ikaisha. Tarehe 27 usiku ndipo muuaji alipopatikana, amejiua.

Kilichonikaa moyoni kilijulikana baadaye. Yule mtu alikuwa mwanajeshi wa akiba, na Mei ya mwaka ule ule mwanawe na mama wa huyo mwana walikuwa wamekwenda kuwaambia polisi kwamba baba anasikia sauti za watu wakimsema, na ana silaha. Mei mpaka Oktoba. Maine ilikuwa na sheria yake, wenyewe wanaiita ya bendera ya njano: polisi wamchukue mtu kwanza, mtaalamu wa afya ampime, ndipo hakimu aamue kumnyang'anya silaha. Tume iliyochunguza ilisema polisi walikuwa na sababu za kutosha za kuitumia. Hawakuitumia.

Bunge la jimbo, kule Augusta, mwaka 2024 lilipitisha sheria ya kusubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa bunduki uliyonunua. Gavana Janet Mills hakuisaini, ila aliiacha iwe sheria. Muswada wa bendera nyekundu, unaoiruhusu familia yenyewe kwenda kwa hakimu, ukafia njiani. Wananchi wakakusanya saini, ukarudi kama kura ya maoni ya tarehe 4 Novemba 2025.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama kutoka Uvira, Kongo, aliniomba nimsomee karatasi iliyokuja kwa posta. Nilipofika kwenye "mtu wa familia", akaweka kikombe chini.

"Dada, nimshitaki mtoto wangu mimi mwenyewe?"

"Si kumshitaki, mama. Hafungwi. Wanachukua silaha, ndani ya siku 14 anaitwa naye ajieleze, na ikiamuliwa zikae, ni hadi mwaka mmoja."

"Kwetu nilikimbia bunduki. Sasa hapa niende kwa polisi kusema iko nyumbani kwangu? Na makaratasi yetu bado hayajatoka?"

Sikuwa na jibu la haraka. Sisi mgonjwa wa akili tunamwita "ana mawazo". Tunamwombea, tunamficha wageni wakija, na polisi tunawaita mlango ukishavunjwa. Wakati huo huo vijana wetu wenye grini kadi wananunua bastola kama wenyeji. Ninamjua mmoja, alivunjiwa gari mara moja tu. Gavana alikuwa akipinga bendera nyekundu, akisema ile ya njano inalinda vizuri zaidi haki ya mtu, na simbezi: ndoa ikiharibika, watu husemeana makubwa. Lakini mwana alikwenda polisi Mei, akaambulia kusubiri. Nilipiga kura ya ndiyo.

Mama wa Uvira si raia bado, ila alinisindikiza. Alibaki garini na mkoba wangu, hita imewashwa. Nilipotoka aliniuliza kama hiyo fomu ya mahakama itakuwa na Kiswahili. Hata mimi ningependa kujua. Kura za ndiyo zilifika kama asilimia 63.

Binti wa mzee wangu hakusubiri sheria yoyote. Baba alipoanza kumdhania kuwa ni mwizi kila akiingia jikoni, alimwambia bunduki inapelekwa kwa fundi kusafishwa, akaibeba kwenye buti ya gari. Mwenyewe alinieleza huku akikunja soksi za baba yake, na machozi yakimtoka, kwa sababu ndiyo bunduki aliyofundishwa nayo kulenga akiwa na miaka kumi.

Alhamisi baada ya kura nikawa zamu. Nikamgeuza ubavu, nikamfunika.

"Bunduki yangu iko wapi?"

"Iko kwa binti yako."

"Bado inasafishwa?"

"Bado, mzee."