Siku moja Molo na kisanduku cha barafu

Nikitaja kazi yangu, watu hudhani nashinda ndani ya maabara nimevaa koti jeupe, nimeinamia darubini. Sehemu kubwa ya kazi hii ni matope, kisanduku cha barafu begani, na maswali mengi kwa mtu aliyechoka. Mimi ni mkusanyaji wa data katika utafiti unaofuatilia familia za wakulima wa viazi hapa kaunti ya Nakuru, mwaka baada ya mwaka, tujue dawa wanazopiga zinawafanyia nini mwilini. Hii ni siku moja ya mwezi Mei, mvua ikiwa imekolea.

Saa kumi na nusu alfajiri naamka, natoa vipande vya barafu kwenye friza, nahesabu vichupa, sindano za kidole, glavu na fomu za ridhaa. Chai kavu, nafunga mlango.

Saa kumi na mbili niko steji. Matatu ya Molo hupitia Njoro na Elburgon, na kadiri tunavyopanda ndivyo baridi inavyoingia kwenye mifupa. Kuanzia Elburgon viazi ni pande zote mbili za barabara, na ukungu umelala juu yake. Mgeni ataona uzuri. Mkulima anaona ugonjwa unaochoma majani, shamba zima likageuka jeusi kwa siku chache. Ndiyo maana msimu wa mvua wengi hupiga dawa kila wiki, wengine hata kabla wiki haijaisha. Sijawahi kumlaumu mkulima kwa hilo. Viazi vikioza, karo imeoza.

Saa moja na nusu napiga hodi nyumba ya kwanza. Mama ameniwekea kichupa cha mkojo wa asubuhi, amekifunga kwa mfuko wa nailoni na kukificha nyuma ya mtungi wa maji watoto wasikiguse. Namshukuru sana, kwa maana bila kichupa hicho siku yangu ni bure. Dawa ya wadudu kama klopairifosi mwili huivunjavunja, na mabaki yake hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache tu. Mkojo basi husimulia juzi na jana. Hausimulii miaka ishirini. Ndiyo sababu tunarudi tena na tena hadi mbwa wa boma wanatuzoea.

"Lakini mimi sipigi dawa," ananiambia, kama kila mara. "Anayepiga ni baba watoto."

Nyuma yake, kwenye kamba, imetundikwa shati ya kazi ya mumewe. Kuanzia mabegani hadi kiunoni ina mstari wa manjano, mpana kama kiganja, pale mtungi wa kupigia dawa wa lita 20 unapovujia mgongoni. Chini ya kamba pana beseni la bluu, na ndani yake sweta za shule zimelowekwa kwenye maji yaleyale yaliyofua shati. Namuuliza anafuaje. Anafua yote pamoja, kwa mikono mitupu, sabuni ya kipande. Naandika. Kwenye fomu hilo ni swali moja la ndiyo au hapana, lakini mimi nimejaza ukurasa mzima wa daftari langu. Anayetazamwa siku zote ni mwanamume mwenye mtungi, na dawa huingia nyumbani na shati.

Saa nne. Hapa ndipo siku iliponikalia.

Mzee wa boma la pili alinisimamisha langoni. Hakufungua. Alikuwa ameegemea mti wa lango, gambuti zimejaa tope, koti la mvua begani.

"Binti yangu, kabla hujaingia nikuulize. Miaka ya nyuma walikuja watu na vitabu kama vyako. Wakanitoboa, wakaandika, wakapanda gari. Majibu yangu yako wapi?"

Sikuwa na jibu la watu wale. Nilimwambia hivyo. Akauliza damu ilipelekwa wapi, nani aliuziwa, kwa nini ni mkulima tu anayetobolewa na wala si mwenye duka la dawa. Nilimjibu moja baada ya jingine, nimesimama, mvua ikianza kudondoka, kisanduku kikinikata bega. Nilichoka, na nilikuwa na nyumba nyingine mbili zikinisubiri. Lakini alikuwa na haki. Mtu akikupa damu yake anakudai.

Bahati njema nilikuwa na bahasha ya majibu ya damu yake ya Februari, iliyopimwa kabla hajaanza kupiga dawa. Niliitoa mfukoni, nikamwonyesha jina lake. Alifungua lango.

Ndani tulikaa na karatasi ile mezani. Nikamweleza kwamba mwilini kuna kitu kinaitwa kolinesterasi. Neva ikituma ujumbe kwa msuli, kitu hicho ndicho huuzima ujumbe kazi ikiisha. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, kama ile klopairifosi, hukishika kisifanye kazi, ujumbe ukaendelea kupiga kelele: jasho, mate, macho kuona giza, misuli kurukaruka, pumzi kukata. Kila mtu ana kiwango chake, kwa hiyo nambari ya Februari ndiyo kipimo chake, hatumpimi kwa cha jirani. Nikamwambia kule California, mfanyakazi anayepiga dawa hizi akishuka hadi asilimia 80 ya kiwango chake, mwajiri lazima akague namna kazi inavyofanywa. Kolinesterasi ya chembe nyekundu za damu ikishuka hadi asilimia 70, anaondolewa kwenye dawa mpaka ipande.

Alinyamaza, kisha akauliza, "Na mimi hapa, nani ataniondoa shambani?"

Shamba ni lake, kibarua ni yeye, mwajiri ni yeye. Nilitazama meza.

Alinipa kidole. Nambari ya siku hiyo ni siri yake, siiandiki hapa. Nilimweleza maana yake na kumwandikia barua ya kituo cha afya.

Kisha likaja swali refu kuliko yote: dawa zote ulizotumia kwa miaka kumi iliyopita. Hakuna anayekumbuka. Mzee aliingia ghalani akarudi na gunia, akalimwaga sakafuni. Chupa, pakiti, vifuniko. Lebo nyingine zimeliwa na panya, nyingine zimebaki na ukanda wa rangi tu, na yeye huzitambua kwa hiyo: nyekundu ni kali, kijani ni ya polepole. Kulikuwa na chupa ya soda yenye dawa aliyopimiwa dukani bila lebo yoyote. Tuliinama sakafuni saa nzima tukizipanga mwaka kwa mwaka kwa kumbukumbu zake: hii ni mwaka nilipojenga, hii ni wakati kifungua mimba alipoingia sekondari. Akanieleza nozo ya mtungi ikiziba huizibua kwa kuipuliza kwa mdomo, na akimaliza kupiga hunywa maziwa yakate sumu. Maziwa hayakati sumu hiyo. Nilimwambia taratibu, na nikaona uso wake, kwa sababu kwa miaka hiyo yote mkewe amekuwa akimwekea kikombe kando kwa mapenzi.

Alipokuwa akinipa chupa ya parakwati, dawa ya kuua magugu, niliona mkono wake wa kulia unatetemeka. Naye aliona kwamba nimeona.

"Ni dawa?"

Hili ndilo swali linaloninyima usingizi. Kuna utafiti wa Marekani ulioanza 1993, unaofuatilia wapiga dawa na wenzi wao huko Iowa na North Carolina. Matokeo ya 2011 yalionyesha waliotumia parakwati walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili na nusu wa kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaotetemesha viungo, ukilinganisha na wasioitumia. Ulaya iliiondoa parakwati 2007, ingawa kiwanda kilichoko Uingereza kiliendelea kuitengeneza na kuiuza nje. Hayo nayajua. Lakini ushahidi ule ni wa watu wengi waliohesabiwa pamoja. Mkono mmoja hauwezi kuniambia umetetemeshwa na nini, na nikisema ndiyo nitakuwa nimemdanganya, nikisema hapana pia. Nilimwambia, "Sijui, mzee. Nitaiandika, na daktari akuone." Alitikisa kichwa polepole. Sikuona hasira.

Nilitoka pale saa nane na kitu. Nyumba ya tatu hapakuwa na mtu, wote wamekwenda kuvuna kwa jirani. Ya nne nilifika mvua ikimwagika, bodaboda imezama kwenye tope hadi mhimili, mimi nasukuma huku nimekumbatia kisanduku. Barafu ilikuwa imeanza kulegea. Nilitia mkono kila dakika chache kuhakikisha bado ni baridi, maana mkojo ukipata joto kazi ya asubuhi yote inamwagika. Niliuliza maswali yote, sauti imenikauka. Sikumbuki saa nilipomaliza.

Matatu ya kurudi ilikaa steji ya Molo mpaka ijae. Nilisinzia kisanduku kikiwa mapajani. Giza lilikuwa limeshaingia nilipoweka vichupa kwenye friza kubwa na kuandika nambari zake kwenye daftari la sampuli. Vyote vilikuwa bado baridi. Nilivihesabu mara mbili.

Nilikuwa nakula ugali wa jana simu ilipolia. Ni mama wa asubuhi.

"Ile shati, umesema nisiichanganye na za watoto?"

"Ndiyo mama. Iloweke peke yake, vaa glavu, na maji usiyamwage karibu na kisima."

Kimya kidogo. Nilisikia mtoto akikohoa nyuma yake.

"Beseni ni moja tu," akasema.

Niliweka sahani chini, nikachukua daftari.