Nilivyopanga watafiti wa mifugo na tiba ya wanyama kwa idadi ya kunukuliwa

Hesabu yenyewe huisha haraka. Kinachokula muda, na ndicho kinachoamua nani akae juu, ni mpaka wa fani na usafi wa majina.

Nilitumia OpenAlex, kanzidata ya wazi ya makala za kitaaluma na nukuu zake iliyoanza Januari 2022, kwa sababu kanzidata nyingine za aina hiyo, Scopus na Web of Science, zinataka taasisi iliyolipia. Chagua yoyote, ila iwe moja tu. Google Scholar huhesabu pia tasnifu na ripoti, kwa hiyo mtu yuleyule huwa na namba kubwa zaidi huko kuliko Scopus. Ukichanganya vyanzo, mmoja atampita mwenzake bila sababu ya kitaaluma. Data zote zipakuliwe siku moja, na tarehe iandikwe juu ya jedwali.

OpenAlex hufuata namba za fani za Scopus: 34 ni tiba ya wanyama, 1103 ni sayansi ya wanyama pamoja na zuolojia. Hiyo 1103 ina mtego, maana anayetafiti lishe ya ng'ombe wa maziwa yumo pamoja na anayechunguza mijusi wa porini. Nilichukua zote mbili, kisha nikachuja kwa mada na kwa majarida kama Journal of Dairy Science, Poultry Science, Preventive Veterinary Medicine na Tropical Animal Health and Production. Sharti la kuingia: angalau nusu ya makala za mtu ziwe ndani ya mpaka huo, na zinazohesabiwa ni hizo tu. Bila sharti hili, daktari wa binadamu aliyeshiriki makala chache za kichaa cha mbwa au usugu wa dawa hufika na nukuu zake zote za hospitali na kuwafunika waliotumia maisha yao kwenye mifugo.

Majina ndiyo kazi kubwa. Mtu mmoja hujitokeza kama watatu, na Y. Wang watatu huonekana mmoja. Watafiti wa kwetu huandika majina mawili leo na matatu kesho, au hubadili jina la ukoo baada ya ndoa. Taasisi nazo hubadilika: ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, ilitokana na kuunganishwa kwa ILRAD (maabara ya magonjwa ya wanyama) na ILCA (kituo cha mifugo cha Afrika) katikati ya miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Sokoine kabla ya 1984 kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilianza na namba ya ORCID, kitambulisho cha pekee cha kila mtafiti. Isipokuwepo, nililinganisha taasisi, waandishi wenza na mada, na nikaunganisha pale tu viwili kati ya hivyo vilipokubaliana. Dalili nzuri ya mchanganyiko ni pengo la miaka: makala ya kwanza 1962, nyingine zote kuanzia 1998. Kagua kwa mkono hata walio chini kidogo ya mstari wa mwisho, kwani jina lililogawanyika huanguka huko.

Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo; hupatikana kwa kupanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Chukua 48, 33, 20, 9, 6, 5, 3: makala ya tano ina 6, ya sita ina 5 tu, basi h ni 5. Kwenye Excel, weka nafasi safu A na nukuu safu B, kisha =SUMPRODUCT(--(B2:B8>=A2:A8)). Mwisho wa masafa ya seli (hapa mstari wa 8) uwe mstari wa mwisho wenye data. Mistari mitupu katika safu zote mbili huhesabiwa kuwa kweli na kukuza h.

Sasa geuza ile 48 iwe 4,800: h inabaki 5. Fani hii ina mfano wake hasa, makala ya Van Soest, Robertson na Lewis ya 1991 kuhusu kupima nyuzinyuzi katika malisho. Karibu kila maabara ya wanyama wanaocheua huinukuu, lakini kwenye h ni makala moja tu. Kwa hiyo nilionyesha h na jumla ya nukuu bega kwa bega, nikiondoa za kujinukuu. Niliongeza h igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza: h 30 kwa miaka 15 ni 2, h 40 kwa miaka 40 ni 1. Safu nyingine ilibeba nukuu za makala ambazo mtu ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, wazo lililomo pia katika orodha ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi duniani ya John Ioannidis na wenzake. Safu hiyo huwashusha sana wale ambao majina yao yamo katikati ya makala zenye waandishi mamia.

Sikutoa orodha moja. Lishe, jenetiki, magonjwa ya kuambukiza na upasuaji wa wanyama hunukuliwa kwa kasi tofauti, na daktari bingwa wa farasi hawezi kushindana kwa haki na mtafiti wa chanjo. Kila tawi lilipata jedwali lake, na waliopishana h kwa 1 au 2 waliwekwa kundi moja kwa alfabeti, kwa kuwa makala moja iliyokosewa jina inatosha kuwabadilisha nafasi.